Ukitulipa itakuwa tumekuuzia

Huku Masasi ukitaka kujua korosho imeuzwaje mwaka huu huna haja ya kusikiliza redio, we njoo kanisani jumapili ya kwanza baada ya hela kusoma kwenye akaunti halafu angalia miguu ya watu. Mwezi wa kumi na moja, wa kumi na mbili, viatu vinang'aa, watoto wana soksi nyeupe, wababa waliokuwa wanakaa benchi la nyuma karibu na mlango tangu pasaka wamesogea mbele, na muda wa shukrani ukifika foleni inaanzia madhabahuni inaishia nje chini ya mwembe. Kila mtu na bahasha yake. Ushuhuda unafuatana, Mungu kanitendea nimevuna kuliko mwaka jana, Mungu kanitendea nimeezeka, Mungu kanitendea nimetoa pikipiki, kwaya inatia pambio katikati, padre anaangalia saa kwa kuibia, na misa iliyoanza saa tatu inakwisha saa saba watu wana njaa na furaha.

Sina neno na ile foleni, mi mwenyewe huwa nasimama. Mtu aliyepuliza salfa mwezi wa sita kitambaa kimefungwa puani, akapalilia, akaokota korosho moja moja chini ya mti mgongo umepinda, akaanika, akapeleka ghala la chama cha msingi, akapimiwa, akasubiri mnada, akasubiri tena makato yakatwe, huyo akija kucheza mbele ya madhabahu mwacheni acheze.

Kinachonisumbua ni mwezi wa tatu. Mwezi wa tatu hela ya korosho ilishakwenda ada na mabati, mahindi mapya bado yako shambani, wenye hela wanapita vijijini kununua kwa kangomba, yaani kinyemela nje ya mnada, korosho ambazo hata maua hazijatoa, na wanauza hao hao waliokuwa wanacheza desemba. Ingia kanisani mwezi huo. Padre akisema kama kuna mwenye shukrani asogee, unasikia popo kwenye dari. Msimu wa 2018/19, ule wa shilingi 3,300 kwa kilo ambao kila mtu Kusini anaukumbuka kwa namna yake, malipo ya wengi yalivuka krismasi, na krismasi ile foleni ilikuwa fupi mpaka kwaya ikakosa pa kuingilia. Sasa Mungu wa desemba na Mungu wa mwezi wa tatu si ni yule yule? Au tunayemshukuru ni mnada?

Na msimu ukifunguliwa wanakuja wote. Wauza magodoro, wauza simu, wauza vitenge, wasanii wa singeli, na wahubiri nao wanakuja na spika zao na jenereta. Kuna mwaka nilisimama kwenye mkutano mmoja karibu na stendi nikasikiliza mpaka mwisho. Muhubiri anajua kuongea, simnyimi hiyo, ana sauti nzuri na anajua lini acheke na lini alie, ila habari nzima ilikuwa panda mbegu, toa laki Bwana akurudishie milioni, usipotoa usishangae mikorosho ikikauka. Watu walitoa. Mama mmoja mbele yangu alifungua kona ya khanga akatoa elfu kumi iliyokunjwa mpaka imekuwa kama kidonge. Nilirudi nyumbani na hasira nikawa namwambia mume wangu, huyu Mungu wanayemhubiri ni benki, unaweka unatoa na riba, na mimi sijawahi kuona mtu anapiga magoti mbele ya dirisha la benki kushukuru kwamba amepewa hela yake. Paulo alishamaliza hayo kwa Warumi, sura ya 4 mstari wa 4, kwa mtu afanyaye kazi ujira wake hauhesabiwi kuwa ni neema bali kuwa ni deni. Mstari mfupi kabisa. Ukishakuwa unamdai Mungu, shukrani yako ni risiti tu.

Bibi yangu mzaa mama, wa Newala, alikuwa na mambo yake kwenye hili. Sala yake ya chakula ilikuwa ndefu siku za ugali wa muhogo na kisamvu kisicho na nazi, ndefu kweli, anamshukuru Mungu kwa maji yaliyopandishwa kutoka bondeni, kwa aliyeyabeba, kwa kuni, kwa jiko, sisi watoto tunafumbua jicho moja kuangalia kama mvuke bado upo. Siku ya pilau sala ilikuwa mistari miwili. Ukimuuliza anasema pilau inajisemea yenyewe, ugali wa muhogo ndo unahitaji mtu wa kuuombea maneno. Tulikuwa tunacheka. Aliyewahi kukaa Newala enzi hizo za kushuka bondeni na kupanda na ndoo kichwani anajua kwamba kushukuru kwa maji haikuwa mapambo.

Basi, nirudi kwenye deni, maana hapo ndo penye kazi.

Kwetu sisi deni ni adabu. Ukifiwa, kabla hata turubai halijafungwa vizuri, kuna mtu ameshakaa kwenye kiti cha plastiki na kauntabuku mapajani anaandika. Fulani elfu tano. Fulani debe la mahindi. Fulani kuni mzigo mmoja. Kina mama wa jumuiya elfu ishirini na sukari kilo mbili. Msiba ukiisha ile kauntabuku haitupwi. Mama yangu anayo ya msiba wa baba mpaka leo, ipo kabatini chini ya vitenge, jalada limeliwa na mende kwenye pembe, na mtu akifiwa mtaani utamwona anaitoa, anavaa miwani, anafuatisha majina kwa kidole mpaka amkute. Elfu tatu. Basi anatoa elfu tatu, au elfu tano kwa sababu elfu tatu ya wakati ule si elfu tatu ya sasa. Asiyekuwemo naye anazikiwa, hatujafikia huko kwa kususa, lakini kuna namna mama anavyofunga lile daftari akikosa jina la mtu, we acha tu.

Na silisemi vibaya. Watu wasio na bima wala pensheni wataishije bila daftari? Hicho kikoba chetu cha akina mama kingekufa wiki ya pili bila daftari. Ninachosema ni kwamba tunalichukua hilo hilo daftari tunaingia nalo kanisani, halafu tunashangaa kwa nini neema haituingii akilini. Majina na kiasi vinasomwa kwa spika, familia ya mzee fulani laki mbili, makofi, mama fulani elfu moja, makofi ya mkono mmoja. Na Mungu naye tumempa daftari lake, humo tumeandika sisi kwa mwandiko wetu tunachodhani tunamdai.

Mi nilikuja kuelewa kidogo, na nasema kidogo kwa sababu mpaka leo sijamaliza kuelewa, usiku mdogo wangu alipojifungua.

Mtoto alitoka salama, wa kike, analia kama ana kesi na mtu. Tatizo lilikuja baada ya hapo, damu ikagoma kukata. Mtu ambaye hajaiona hiyo kitu hawezi kuelewa spidi yake, unaona manesi wanaotembea wameanza kukimbia, na mwanao au mdogo wako anakuwa rangi ya majivu huku anakuambia yuko sawa. Damu ya grupu lake iliyokuwepo hospitali ilikuwa chupa moja, wakamtundikia hiyo hiyo, wakatuambia tafuteni watu, sasa hivi. Mi nikasema mimi hapa. Wakanitoboa kidole, wingi wa damu hautoshi, nenda pembeni. Shemeji yuko safarini, mume wangu yuko shamba huko ambako simu inashika ukipanda kichuguu. Mama yangu umri umepita, ukizidi miaka 65 hawachukui. Saa tano usiku, mvua, na mimi nimesimama koridoni na simu nafungua majina nafunga.

Kijana wa bodaboda aliyenileta alikuwa bado yuko nje kibarazani anasubiri mvua ipungue. Akaniuliza, mama vipi, nikamwambia. Hakusema pole wala nini, akatoa simu, akapiga kijiweni, nikamsikia anasema njooni wote wenye damu, ndivyo alivyosema, kama vile wako wengine hawana. Robo saa haikuisha wakaja wanne wamepanda pikipiki mbili, wamelowa chapachapa, mmoja kavaa koti la mvua la kike lenye maua. Wote Waislamu, wote vijana ambao nikipita kijiweni kwao mchana huwa nashika pochi vizuri.

Wakapimwa. Wa koti la maua akakataliwa kwa uzito, wanataka kilo hamsini kwenda juu na mizani ikasoma arobaini na saba. Jamani yule mtoto alikasirika. Akabishana na nesi, akasema mizani mbovu, akashuka akapanda tena akiwa na simu mbili mfukoni na kofia ngumu kichwani, nesi akamwambia vua kofia, akavua, arobaini na saba. Mle ndani mtu anakufa, na mimi nikajikuta nacheka, na nesi anacheka, na yeye hacheki. Akaishia kukaa kwenye benchi akiwashikia wenzake makoti. Wenzake wakatoa. Chupa moja ni kama nusu lita hivi, wanaipima kwanza ukimwi, homa ya ini, kaswende, ndo itumike, na huo muda wa kusubiri majibu ya maabara ndo muda mrefu kuliko yote niliyowahi kukaa duniani.

Mdogo wangu akapona. Alfajiri midomo ikaanza kurudi rangi.

Asubuhi mama yangu, na daftari lake la kichwani, akaniambia andika majina yao na namba, tuje tuwape kitu. Nikaenda kijiweni. Nilikuwa na elfu sitini kwenye bahasha, elfu ishirini kila mmoja, kwa wale waliotoa, na yule wa kilo arobaini na saba nilimwekea elfu kumi ya kukaa na makoti. Walikuwa wanakula mihogo ya kukaanga. Nikatoa shukrani zangu, nikatoa bahasha. Wakaangaliana. Yule aliyenibeba akaniambia, mama, sisi damu tunayo, hela ndo hatuna, lakini ukitulipa itakuwa tumekuuzia.

Nikabembeleza. Nikasema basi soda. Soda wakakubali. Nikanunua soda nikakaa nao pale, mama mtu mzima na kitenge changu, nakunywa soda kijiweni saa tatu asubuhi na wapita njia wananishangaa, na nakwambia sijawahi kujisikia mdogo vile. Kudhulumiwa nimeshadhulumiwa, nimeshadharauliwa, hivyo nimezoea navimudu. Kupewa kitu ambacho huwezi kukirudisha halafu aliyekupa hataki hata ujaribu, hicho kilinishinda. Nilikuwa natafuta mlango wa kutokea. Nilitamani wangesema bei.

Hapo ndo Waefeso 2 iliponiingia, ile tuliyokariri tangu kipaimara, mmeokolewa kwa neema, ni kipawa cha Mungu, wala si kwa matendo, mtu awaye yote asije akajisifu. Nilikuwa naisoma kama habari njema tu. Kumbe ina na kuchoma. Mtu mwenye kiburi cha kulipa, na sisi watu tuliolelewa vizuri ndo wenye kiburi hicho, neema inamvua nguo.

Sasa jumapili. Padre alishapata habari, na mji wenyewe huu si unaujua, akanitangaza kabisa kwamba dada yetu ana ushuhuda. Na mimi nilikuwa nao. Ila kuna kitu hamkijui bado. Usiku ule ule, kitanda cha upande wa dirisha, kulikuwa na binti mwingine, wa vijiji vya kuelekea mto Ruvuma. Naye alijifungua usiku huo. Yeye hakupona. Mama yake alikuwa amekaa chini kaegemea ukuta na beseni jipya la plastiki mapajani, lile la kuogeshea mtoto, bado lina kibandiko cha bei, na hakulia, alikuwa anakibandua kile kibandiko kwa ukucha, polepole, kipande kwa kipande, mpaka kikaisha, halafu akaendelea kukwangua mahali kilipokuwa.

Nitasimama mbele niseme nini? Niseme Mungu amesikia maombi yetu? Ya yule mama hakuyasikia? Alikuwa anaomba kuliko mimi, nilimsikia kwa masikio yangu, mimi nilikuwa nafungua majina kwenye simu. Niseme tulikuwa na imani? Imani gani, nilikuwa nimechanganyikiwa. Ushuhuda wetu wa kanisani una ugonjwa huu na hatuusemi, kila anaposimama mmoja kusema Mungu kanitetea, kuna mwingine kwenye benchi anajiuliza mimi kanitupa kwa kosa gani. Nilisimama. Nikasema mdogo wangu amepona kwa damu ya vijana wa kijiweni na kwa mkono wa Mungu na wa manesi, namshukuru Mungu na wao, na nikaomba tumwombee binti mmoja ambaye jina nalihifadhi na mama yake aliyebaki na mjukuu. Pambio halikupigwa. Kwaya walisubiri ishara na mimi sikuwapa. Wapo walioniambia baadaye nimepooza ibada, na ni kweli ilipoa.

Na tafadhali sana, tuache kuwaambia wafiwa washukuru. Kila msiba utamsikia mtu anainuka na Ayubu 1:21, BWANA alitoa na BWANA ametwaa, jina la BWANA libarikiwe, anawaambia watu ambao bado hawajala tangu jana. Ayubu hakuambiwa na mtu maneno yale. Alisema mwenyewe, kwa watoto wake mwenyewe, na nguo amezirarua. Rafiki zake walipokuja walikaa naye chini siku saba bila kusema neno, na hiyo ndo sehemu pekee waliyopatia, walipofungua midomo wakaharibu. Halafu geuza ukurasa, sura ya tatu, Ayubu yule yule anailaani siku aliyozaliwa. Hiyo hatuisomi msibani. Mi ningeisoma.

Habakuki naye, ile 3:17, mtini hautachanua maua wala mizabibuni hamtakuwa na matunda, sijui kama mahali pengine wanaielewa kama sisi. Mtu wa korosho ameshaiona hiyo. Ule ugonjwa wa ubwiriunga ukikamata maua unaamka asubuhi mkorosho mzima umepakwa unga mweupe kama umeokwa, na unajua pale pale kwamba ada ya mwakani haipo. Nabii anaorodhesha kila kitu kinachokosekana, zizi halina kondoo, hamna kitu, halafu anasema walakini nitamfurahia BWANA. Hajasema atashukuru kwa ajili ya ukosefu, wala hajauita ukosefu baraka iliyojificha, kauita ukosefu. Na hajasubiri mwezi wa kumi na moja.

Kuna habari moja ya wakoma kumi, Luka 17, ambayo wahubiri wote niliowahi kuwasikia wanaitumia kuwachapa wale tisa. Yesu anauliza, wale kenda wa wapi, na sisi tunainamisha vichwa. Sawa, ni haki yao kuchapwa. Lakini mimi siku hizi najiuliza swali jingine. Ukoma uliwarudia? Luka hasemi. Mi naona walienda zao, wakajionyesha kwa makuhani, wakarudi kwa wake zao na watoto wao, wakala na kulala kwenye nyumba zao, na ngozi ikabaki safi, mpaka kufa kwao, bila kusema asante. Hakuna aliyewafuata na daftari. Kwangu hapo ndo pana habari yenyewe. Na yule mmoja aliyerudi hakuja na kitu mkononi, alikuja anapiga kelele, akaanguka kifudifudi. Kisha Luka anaongeza, kama anakumbuka baadaye, naye alikuwa Msamaria. Mtu wa dini nyingine kwa macho ya wale waliokuwa pale. Nikisoma hapo naona koti la mvua lenye maua.

Na kwa sisi Anglikana wa hapa jambo hili lina mizizi yake. Masasi kama mji wa misheni ilianza 1876, Askofu Steere alipotoka Zanzibar na kundi la watu waliokuwa watumwa na wakaachiwa huru, zaidi ya 50, wanaume na wanawake, wakashukia Lindi wakatembea kwa miguu mpaka huku. Mpango ulikuwa waende mbali zaidi, kuelekea Nyasa ambako wengi wao walikamatwa wakiwa wadogo. Wakafika hapa, wakaona udongo na maji na haya majabali, wakasema panatosha. Miaka sita baadaye, 1882, Wagwangwara, ndo Wangoni hao, wakawavamia, wengine wakauawa, wengine wakachukuliwa tena mateka, watu ambao walishauzwa mara moja. Majina ya maaskofu na wamisionari tunayo, tunayaombea kila mwaka. Ya wale waliotembea na mizigo kichwani kutoka Lindi sijawahi kuyasikia yakisomwa kwenye spika. Kanisa letu limeanzishwa na watu ambao hawakuwa na kitu cha kuandikwa kwenye daftari lolote, halafu leo mtu akitoa elfu moja tunaona haya kumpigia makofi.

Nilitaka nimalizie hapo ila kuna jambo la wiki mbili zilizopita.

Yule kijana wa bodaboda, aliyenibeba usiku ule, anaoa. Nimeingizwa kwenye grupu la WhatsApp la kamati ya harusi bila kuulizwa, kama inavyokuwa, nafungua simu nakuta watu 140 na picha ya maharusi imezungushiwa maua. Mdogo wangu naye kaingizwa. Mama yangu hana simu ya hivyo lakini alipoambiwa akasema haya sasa, mlango umefunguka, tutoe ng'ombe. Nikamwambia mama, ng'ombe ya wapi. Tukabishana siku nzima. Mama anasema deni la damu halilipwi kwa elfu thelathini ya kadi, tutaonekana watu gani. Mi namwambia deni halipo, mwenyewe alisema, tukipeleka ng'ombe tutakuwa tumemlipa kwa nguvu na mbele za watu. Mdogo wangu, ambaye ndiye mwenye damu yao mwilini na ambaye ningetegemea awe na la kusema, anamnyonyesha mtoto pembeni anasema mimi nitaenda kucheza mpaka viatu viishe, nyie endeleeni na hesabu zenu.

Mwisho nikaandika kwenye grupu, elfu hamsini, mimi na mume wangu, kama tunavyotoa kwa mtoto yeyote wa mtaani. Mama kanuna mpaka jana. Mhasibu wa kamati, ambaye hajui habari yoyote ya usiku ule na mvua yake, akanijibu hapo hapo, asante mama, ni ahadi au keshi?

Nimetuma keshi. Ya sare bado, kitenge chenyewe wamechagua cha rangi ya chungwa na mimi rangi ya chungwa hainipendi kabisa.